Zimwi Si Jini

Imekuwa ada katika vitabu vya ngano za watoto kuyachanganya majina haya kama mchele na chuya: ukurasa huu zimwi, ukurasa wa pili jini, na mchoro ni ule ule wa jitu lenye pembe. Na akiulizwa mtu asili yake, jawabu huwa jepesi: "Ni Kiarabu." Jini, naam. Zimwi, hapana.

Shina la jini katika Kiarabu ni kusitirika. Kwa shina hilo hilo mtoto aliye tumboni huitwa janini, na aliyefunikwa akili majnuni. Zimwi halikuvuka bahari. Lina nasaba moja na mzimu, na ndugu zake wako bara: Wakikuyu husema irimu, Wazulu izimu, na Watswana humwita mla watu ledimo, hali wazee waliokufa ni badimo. Tazama basi, shina moja limezaa babu wa kutambikiwa na jitu la kutafuna watu! Nasi tukatoa humo wazimu, kama Waarabu walivyotoa majnuni katika jini. Lugha mbili zisizo na ujamaa, zimekwenda njia moja.

Lakini kosa hili si la maneno matupu. Majini wametajwa katika Qur'ani, na sura ya 72 ina jina lao. Wamo waumini na wamo makafiri. Zimwi ni la ngano. Mama humwambia mwanawe, "Lala, zimwi linakuja." Kesho mtoto akijua hakuna zimwi, atasema nini juu ya jini, naye alionyeshwa sura moja?

Waarabu nao walikuwa na ghuli wao wa jangwani. Hadithi iliyo katika Sahihi Muslim imemkanusha, ijapokuwa baadhi ya wanazuoni wamesema kilichokanushwa ni uwezo wake wa kumpoteza msafiri. Al-Jahidh, aliyekufa mwaka 255 wa Hijra, alieleza kuwa upweke humfanya mtu akaona kidogo kuwa kikubwa.

Wala asidhani mtu haya ni ya watoto. Mwaka 1995 jina la popobawa lilitoka Pemba, likaingia Unguja, likafika hata Dar es Salaam. Ni popo na bawa tu, maneno mawili ya kila siku. Watu wazima wakalala nje kwa makundi, na mjini Zanzibar mtu mmoja mwenye wazimu, akidhaniwa kuwa ndiye, akapigwa mpaka akafa.