Ritifaa na Bei ya Ujumbe: Uhakiki wa Urahisishaji wa Maktaba ya Kutuma SMS kwa Kuzingatia Lugha za Rumonge

Makala haya yanahakiki dhana iliyozoeleka miongoni mwa waandaaji wa programu kwamba kurahisisha utumaji wa ujumbe ni kupunguza mambo anayodaiwa mwandika msimbo. Mfano ni maktaba ya Python ya Africa's Talking, kampuni ya Nairobi. Zamani mtumiaji aliunda lango kisha akapitisha hoja zake kwa mpangilio maalumu. Sasa hutambulisha akaunti mara moja, akaita amri ya "send" na kuipa maneno pamoja na orodha ya namba. Kwa upande wa msimbo, mabadiliko hayo yanastahili sifa.

Kasoro huonekana maneno yenyewe yanapochunguzwa. SMS moja hubeba herufi 160 iwapo zote zimo katika alfabeti ya GSM. Ikiingia hata moja isiyomo, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na kubeba 70 tu. Ukikatwa vipande, kila kimoja hubeba 67.

Mwambao wa Rumonge hutumia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na kila lugha ina mtego wake. Kirundi cha kawaida hakiandiki alama za toni, lakini hujaa ritifaa, kama katika "y'ikiyaga". Kiswahili nacho kina "ng'ambo". Ritifaa iliyonyooka imo katika GSM. Iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuulizwa, haimo. Tangazo la herufi 150 kuhusu kufungwa kwa uvuvi au kupanda kwa maji ya ziwa, kama yalivyopanda mwaka 2024, huwa SMS moja au tatu kutegemea mkunjo wa alama hiyo, na malipo huhesabiwa kwa kipande. Chama cha wavuvi wa mukeke na ndagala chenye fedha kidogo kitawafikia theluthi ya wanachama wake kwa bajeti ileile. Kifaransa kina kichekesho chake: "péché", yaani dhambi, imo katika GSM, ila "pêche", yaani uvuvi, haimo.

Amri ya "send" haina hoja yoyote inayohusu herufi wala idadi ya vipande. Hivyo ugumu haukuondolewa. Umehamishiwa kwa mlipaji, ambaye mara nyingi hajui kusoma msimbo. Twilio ya Marekani hutoa huduma inayobadilisha ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma. Suluhisho hilo linafaa kwa Kirundi na Kiswahili, kwa kuwa maana haiguswi. Kwa Kifaransa, kuivua "ê" kofia yake ni kubadili tahajia, na uamuzi huo ni wa mwandishi wa tangazo. Maktaba ingepaswa kumrudishia idadi ya vipande kabla ya kutuma, hata kama hatua hiyo ingeongeza mstari mmoja wa msimbo.