Bodi Kwanza, Injini Baadaye: Kupima Kama Gari la Zamani Linastahili Injini Nyingine

Injini hununuliwa na kufungwa. Bodi iliyoliwa na kutu hairudi. Kwa hiyo uamuzi kati ya kubadili injini ya gari la zamani na kununua gari jingine huegemea zaidi hali ya gari lililobaki kuliko injini iliyokufa. Mfano mzuri ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE, ya sentimita za ujazo 1,498. Gari hilo limeenea Afrika Mashariki, na injini zake za mtumba huuzwa kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Je, injini imekufa kweli?

Magari mengi hukatiwa tamaa kwa ugonjwa unaotibika. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi gari linapowashwa na kukatika baada ya muda mfupi mara nyingi hutokana na sili za valvu zilizokauka, ambazo hubadilishwa bila kugusa pistoni. Moshi wa bluu unaolifuata gari kila mafuta yakikanyagwa huonyesha ringi zilizochoka. Moshi mweusi ni wa petroli iliyozidi hewa, na hapo hukaguliwa sensa, nozeli na filta ya hewa. Maji yakipungua kwenye rejeta bila kuvuja nje, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi ndiyo inayoshukiwa kwanza. Hedi hiyo hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na geji ya vibati. Ikiwa imepinda zaidi ya milimita 0.05, huchongwa.

Ushahidi wenye uzito kuliko moshi ni kipimo cha kompresheni. Injini ikiwa ya moto, plagi zote hutolewa, pedeli ya mafuta hukanyagwa hadi mwisho, na starta huzungushwa huku geji ikiwa kwenye tundu la silinda moja baada ya nyingine. Injini nzima ya aina hii husoma takribani psi 190. Ikishuka chini ya 140 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda haipaswi kuzidi psi 15 hivi. Silinda ikisoma chini, hutiwa kijiko kimoja cha oili na kupimwa tena: namba ikipanda, tatizo ni ringi, isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi. Silinda mbili zilizo jirani zikishuka kwa pamoja, mara nyingi gasketi imepasuka kati yake.

Injini iliyonoki hugonga kwa mlio mzito kutoka chini, na mlio huongezeka injini inapobeba mzigo. Hapo hubaki njia mbili, oveholi au injini nyingine, na aina ya bloku huamua. Bloku ya chuma cha kuyeyusha, kama ya 5A-FE au ya 1HZ ya Land Cruiser, hukubali kuchongwa na kuwekwa pistoni kubwa zaidi. Bloku ya alumini ya 1NZ-FE ina kuta nyembamba za silinda ambazo hazikukusudiwa kuchongwa, kwa hiyo kwake injini nyingine ndiyo njia ya kawaida.

Bodi na mifupa ya gari

Ukaguzi huu hufanywa chini ya gari, mazulia yakiwa yameinuliwa. Mahali pa kutazamwa ni sakafu, vizingiti vya milango, sehemu shokapu za mbele zinapojishikiza juu, na viungo vya ekseli ya nyuma. Kwenye magari yaliyoishi karibu na bahari, hewa ya chumvi hula vyuma kutokea ndani, na rangi ya nje hubaki iking'aa. Mpini wa bisibisi ukigongwa kwenye kizingiti kizima hutoa mlio mkavu. Kwenye kizingiti kilichooza sauti hufifia, na vumbi la kutu hudondoka. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa husaidia pia: isiponata, chini ya rangi kuna pati.

Kutu ya juujuu husuguliwa na kupakwa rangi. Kutu iliyotoboa mahali pa kushikilia shokapu au ekseli huondoa hoja ya injini kabisa, kwa sababu gari hilo ni hatari hata likiwa na injini bora. Gia boksi, usukani, breki na wayaringi hukaguliwa baada ya hapo, na kila kasoro huandikwa kwa gharama yake.

Hesabu

Kipimo sahihi ni tofauti kati ya bei ya gari hilo likiwa zima na bei yake likiwa na injini iliyokufa. Tuseme zima linauzwa shilingi milioni 8 na bovu milioni 3. Ukomo wa matumizi ni milioni 5, na ndani yake mna injini, ufundi, oili, filta, sili, mkanda wa taimingi, pampu ya maji, mauntini, klachi na kasoro zote zilizoandikwa. Wengi huhesabu bei ya injini peke yake, kisha hushangaa pesa zilikoishia.

Kuchagua injini ya mtumba

Injini iliyooshwa ikang'aa haielezi chochote. Inayoeleza zaidi ni ile yenye vumbi lake, yenye boliti ambazo vichwa vyake havijachunwa na spana, na isiyo na gundi ya gasketi iliyofurika pembeni, kwani hizo ni alama kwamba haijafunguliwa. Mfuniko wa oili ukitolewa, chuma cha ndani chenye rangi ya asali huonyesha injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati. Utando mweusi mzito kama lami huonyesha uzembe, na uji wa kahawia huonyesha maji. Plagi zikitolewa, ncha zake hutakiwa kuwa kavu, zenye rangi ya kahawia hafifu na zinazofanana. Krenki ikizungushwa kwa spana izunguke bila kukwama mahali popote. Muuzaji anayejiamini huruhusu kompresheni ipimwe na huandika muda wa dhamana kwenye risiti.

Namba ya injini isomeke wazi kwenye bloku, bila alama ya kusuguliwa. Risiti hutunzwa, kwa kuwa namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na mabadiliko hutakiwa kusajiliwa. Namba zisipolingana, kuliuza gari baadaye huwa kazi ngumu. Kwa injini za kisasa, kontrolo boksi, sensa na wayaringi wake hununuliwa pamoja nayo.

Ufungaji

Fundi hodari huuliza kwanza injini ya zamani iliuawa na nini. Kama ilichemsha kwa sababu ya rejeta iliyoziba, rejeta hiyohiyo itaiua ya pili. Rejeta huzibuliwa au kubadilishwa, maji ya bomba huiachia kulanti nafasi, na themostati hurudishwa mahali pake. Kuing'oa, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi, huifanya injini ichelewe kupata joto lake, ile petroli zaidi na kuchakaa mapema.

Injini ikiwa bado sakafuni ndipo sili za krenki, pampu ya maji na mkanda wa taimingi hubadilishwa. Ikishaingia, kazi hizo huwa na gharama kubwa zaidi. Mkanda wa 5A-FE hubadilishwa kila kilomita 100,000, na umri wa mkanda uliokuja na injini ya mtumba haujulikani. Kazi nzuri huonekana kwa macho: hakuna boliti iliyobaki kwenye kopo, waya zimerudi kwenye vishikizo vyake, na mauntini hazijavutwa upande. Gari huendeshwa, huachwa lipoe, kisha maji, oili na viungo vyote hukaguliwa upya.

Gari jingine linapostahili

Gari jingine ni chaguo sahihi kutu ikiwa imefika kwenye mifupa, gia boksi ikiwa inakufa pamoja na injini, au hesabu ikivuka ukomo. Hata hivyo gari lililonunuliwa mkononi nalo lina historia isiyojulikana, na hustahili kupimwa kompresheni na kugongwa vizingiti vilevile kabla pesa hazijatolewa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha: gari ambalo mwenyewe anajua lilibadilishiwa lini breki, shokapu na betri, na ambalo bodi yake ni kavu, lina thamani ambayo bei ya sokoni haiioni. Hilo ndilo linalostahili injini nyingine.