Sauti Iliyorekodiwa na Kikao cha Wazee: Uhakiki wa Tiba ya Nafsi katika West Nile

Wanaojadili tiba ya nafsi huko West Nile huuliza kama mganga wa jadi na mshauri nasaha wanaweza kufanya kazi pamoja. Naona swali hilo linaruka jingine lililo zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kutaja chanzo cha maradhi? Nitalichunguza kwa kuhakiki Self-Help Plus, kozi ya Shirika la Afya Duniani iliyojaribiwa kwa wanawake 694 wa Sudan Kusini katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Arua, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020.

Kozi ina vipindi vitano. Wanawake huketi pamoja, lakini mwalimu wao mkuu ni sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, pamoja na kitabu cha michoro. Wasimamizi si wataalamu. Baada ya miezi mitatu, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Matokeo hayo siyabishi. Ninachohakiki ni matini.

Sauti ile husema na mtu mmoja: wewe. Fikra nzito zimekunasa kama ndoana. Zitambue, zipe jina, kisha urudi kwenye shughuli uliyo nayo. Nani aliyekuumiza? Ulimkosea nani? Kozi haiulizi.

Walugbara, wenyeji wa Arua, waliuliza. John Middleton, katika Lugbara Religion (1960), anaeleza kwamba kwao ugonjwa ulikuwa habari ya ukoo. Mzee aliyevunjiwa heshima aliweza kusababisha mizimu ya wahenga imwadhibu mkosaji kwa maradhi. Ramli ilitafuta nani na kwa nini. Sadaka iliahidiwa mgonjwa angali kitandani, ikatolewa akishapona, na hapo wazee walihutubia, wakaueleza ukoo na ugomvi wake, kisha nyama ikaliwa kwa pamoja. Matini hiyo yote imo katika nafsi ya wingi.

Ni rahisi kuusifu utaratibu huo na kuibeza mashine. Sikubali. Middleton mwenyewe anaonyesha jinsi wazee walivyoshindania mamlaka kupitia ugonjwa wa mtu mwingine. Kikao kikitafuta chanzo hukipata, na mara nyingi chanzo hicho kina jina la mtu. Mke aliyeolewa ugenini, asiye na ndugu wa kumtetea, yuko karibu kutajwa. Kwa mwanamke kama huyo, kozi isiyomlazimisha kufungua kinywa mbele ya majirani ni kinga.

Lakini ukimya nao una bei yake. Katika makazi ya Imvepi, Arua ya wakati huo, Frank Neuner na wenzake waliwatibu wakimbizi wa Sudan kwa simulizi: mgonjwa anaeleza maisha yake kwa mpangilio, mshauri anayaandika na kumsomea. Kwa mujibu wa utafiti wao wa mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya tiba ni asilimia 29 tu waliokuwa bado na maradhi ya kiwewe; katika makundi mawili ya kulinganishwa ilikuwa karibu asilimia 80. Washiriki walikuwa 43 tu, kwa hiyo tusishangilie mno. Hata hivyo, hapa chanzo kinatajwa, na anayekitaja ni mgonjwa mwenyewe. Kinachokosekana ni ukoo wa kumsikiliza. Kama mganga na mshauri watakutana, naona ni hapa: mgonjwa aseme kwanza, naye achague nani aitwe kusikia.

Sisi wa Kiswahili tuna kazi yetu humo. Katika makazi ya Lobule, Koboko, wapo wakimbizi wa Kongo, na baadhi yao Kiswahili ni lugha yao. Tuseme kozi inarekodiwa kwa ajili yao. Somo la ndoana linataka msikilizaji atenganishe fikra na maumivu. Lakini kwetu, “ana mawazo” maana yake tayari anateseka. Ukimwambia “yatazame mawazo yako,” umemwambia aitazame dhiki yake, na ukimwambia ayaache yapite, huenda akasikia kwamba umempuuza. Mfasiri akikwepa neno hilo na kutumia “fikra”, atasikika kama mwalimu darasani. Mimi ningebaki na “mawazo”, kisha ningebadilisha swali linalofuata: badala ya kumwomba ayape jina, ningemuuliza yalianza lini, na nani mwingine anayajua.