Bega la Mwindaji

Vitabu vya wawindaji wa Kizungu vina desturi moja: humpima mwindaji kwa ukubwa wa mnyama aliyeanguka mbele yake. Ni nadra kukuta ukurasa unaompima kwa bega lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo nimevisoma pamoja vitabu viwili ambavyo kwa kawaida husifiwa kwa mambo mengine: *A Hunter's Wanderings in Africa* cha Frederick Courteney Selous, kilichotoka mwaka 1881, na *The Wanderings of an Elephant Hunter* cha Mskoti W. D. M. Bell, cha mwaka 1923.

Sisi wa bonde la Kilombero jina la Selous si geni kwetu. Mto wetu ukishakutana na Luwegu, Rufiji huzaliwa, na maji yale hupita katika pori lililobeba jina lake tangu mwaka 1922, hata sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Yeye mwenyewe alipigwa risasi na kuzikwa huko Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917, akiwa askari wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 65.

Lakini kitabu chake ni cha ujana wake kusini mwa Afrika. Huko alianza kuwinda tembo kwa bunduki mbili za bei rahisi zilizotengenezwa Birmingham, kila moja paundi sita. Mtutu ulikuwa laini ndani, ukishindiliwa kwa mdomoni, na risasi ilikuwa donge la duara lenye uzito wa robo ratili. Baruti ilichotwa kwa mkono kutoka mfukoni. Kwa maneno ya huku kwetu, lilikuwa gobore, ila gobore kubwa mno.

Kwa silaha hizo aliua tembo 78 katika misimu mitatu, kati ya 1872 na 1874. Mwandishi mwingine angeishia hapo apokee makofi. Selous anakwenda mbele na kukiri kwamba bunduki zile zilimpiga vibaya kiasi cha kumharibia mishipa ya fahamu, kwamba ulengaji wake haukurudi kuwa kama zamani, na kwamba anajuta kuzigusa. Anasimulia pia siku bunduki iliposhindiliwa mara mbili kwa bahati mbaya: alipofyatua, ilimrusha, na kitako kikavunjika. Kwangu mimi kurasa hizo ndizo bora kuliko zote katika kitabu. Mwindaji mashuhuri anatwambia kwamba mtu anayeiogopa bunduki yake hufumba macho kabla ya mnyama kukimbia.

Bell alikuja na jibu. Yeye alipenda bunduki ndogo ya milimita 7, yenye risasi ya greni 173, yaani kama sehemu moja ya kumi ya lile donge la Selous. Alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, kisha akalenga hapo. Hoja yake ni safi: risasi nyepesi iliyofika mahali pake hushinda nzito iliyopotea, na bega lisiloumia huacha jicho litulie. Msingi wake ni hesabu tu. Kinachosukuma kitako nyuma ni uzito wa risasi mara mwendo wake, pamoja na uzito wa baruti inayotoka kwa nguvu kama moshi na hewa ya moto. Punguza kimojawapo, bega litapumua.

Hesabu hiyo hiyo hufanywa leo na washindani wa kulenga shabaha katika nchi za nje, wanaotumia kabini zenye kula risasi za bastola. Hujitengenezea risasi zao nyumbani, wakipima baruti kwa mizani ndogo. Wengi huchagua risasi nzito iendayo polepole na baruti kidogo iwakayo haraka, ili alama nyekundu ya darubini isiruke kutoka kwenye shabaha. Lakini wamewekewa mpaka. Chini ya kanuni za IPSC, uzito wa risasi kwa greni ukizidishwa kwa mwendo wake kwa futi kila sekunde, kisha kugawanywa kwa 1,000, lazima ufike 125. Risasi ya greni 147 iendayo futi 900 hupata 132, basi inapita. Bila mpaka huo kila mtu angefyatua pumzi tu.

Hapa ndipo ninapoachana na Bell. Yeye hakuwa na mwamuzi. Upole wa bunduki yake aliutumia kuua tembo 1,011, na kitabu chake kinaeleza kwa ufundi mkubwa namna ya kufanya kazi hiyo iwe rahisi bila kuuliza kama inafaa kuwa rahisi. Maumivu ya Selous yalikuwa breki asiyoitaka. Bell aliiondoa breki akaita akili. Bunduki za kijeshi zilizofika baadaye katika mapori yetu nazo hazimwumizi sana bega anayezishika. Katika pori la Selous tembo walikuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000.

Na wote wawili hawatusaidii kuhusu gobore la mwanakijiji. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe kwa Waafrika, ukaacha mlango kwa zile za zamani za gumegume. Basi magobore hayakubaki kwetu kwa kuwa babu zetu walikuwa wajinga wa mitambo, walifungiwa humo. Mwishoni mwa Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliliendea boma la Mahenge, lililokuwa na bombomu. Ulipungufu uliokuwa kitabuni habari ya ujana, kwao ulikuwa kifo.

Nawashauri vijana wavisome vitabu hivi, cha Selous kwanza. Wajifunze humo kwamba kishindo kikubwa si ushahidi wa nguvu, na kwamba kipimo cha kiganja huumiza mwenye kushika. Ila wasome wakikumbuka msemo wetu: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Waandishi wote wawili walilipima pigo la kitako kwa makini. Pigo la upande wa pili wa mtutu walilihesabu kwa idadi ya pembe.