Kabla ya Kujibu Ndiyo

Aliyezoea Windows anajua njia moja ya kupata programu: asake tovuti, apakue faili, abofye kitufe cha kuendelea mpaka vidirisha viishe. Kilichoandikwa humo hakisomwi. Akihamia Linux huja na mazoea yale yale. Hupakua faili la .exe ambalo mfumo haulitaki, au burungutu la msimbo linalodai kujengwa kwanza, kisha hutangaza kwamba Linux ni ya wataalamu. Mimi naona vingine. Kusakinisha programu huku ni kazi nyepesi, ila ni ufundi, nao huanza kwa kusoma.

Tuchukue Debian, mradi wa mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Huko mtumiaji hatangitangi mtandaoni. Programu zimekusanywa katika ghala, kila moja imo ndani ya kifurushi chenye jina, toleo, maelezo na orodha ya vitu inavyovitegemea. Toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lina vifurushi zaidi ya 64,000, na wanaovitunza wengi wao ni watu wa kujitolea.

Somo la kwanza ni kupiga sudo apt update (sudo ni mamlaka ya msimamizi, apt ni amri ya APT, programu ya kusimamia vifurushi). Amri hii haigusi programu hata moja. Inaleta tu orodha mpya ya yaliyomo ghalani. Asiyeipiga anaweza kuambiwa kwamba kifurushi anachokitaka hakipo, ilhali kipo.

Utamu uko katika kutafuta. Chukua kijana anayeomba kazi, na mwajiri anataka vyeti vyote viwe katika faili moja la PDF. Hajui jina la programu ya kufanya hivyo, na wala halihitaji, kwa sababu apt search hupekua pia maelezo ya vifurushi. Akiandika maneno mawili matatu ya Kiingereza kuhusu kuunganisha PDF (maelezo mengi yako kwa Kiingereza, tusifichane) atapata orodha. Hapo asikurupuke. Apige apt show mbele ya jina lililomvutia, mathalani pdfarranger, asome inafanya nini, ina ukubwa gani, nani anaitunza. Nusu ya ufundi imo humo, na ndiyo nusu ambayo wageni huiruka. Majina nayo yana vituko vyake: kwa miaka kumi hivi, kuanzia 2006, Firefox ndani ya Debian iliitwa Iceweasel, kwa sababu ya mvutano na Mozilla, watengenezaji wa Firefox, juu ya alama ya biashara.

Ndipo ije apt install. Kifurushi hakisafiri peke yake. Ni kama mgeni wa harusi anayefika na ukoo mzima, mashangazi na wajomba, na kila mmoja lazima apate pa kukaa. Debian ina dpkg, ambayo husakinisha ulichokipa, na kikikosekana kitu hulalamika na kukuachia kazi ya kukitafuta. APT, iliyoingia rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999, ilichukua kazi hiyo: inahesabu nani anamtegemea nani, inawaleta wote na kuwapanga.

Tena haiwaleti kimyakimya. Inakutajia kila kifurushi kitakachoongezwa, inasema ni megabaiti ngapi zitapakuliwa na diski itapungua kiasi gani, kisha inauliza kama iendelee. Kwa mtu anayenunua bando la siku, swali hilo ni heshima kubwa. Naijua mifumo inayokomba bando zima usiku bila hodi. Hapa unaweza kujibu hapana, ukasubiri mpaka ufike penye Wi-Fi.

Kuna ukaguzi pia ambao mgeni hauoni. Faili kuu la ghala limetiwa saini ya kidijitali. Ndani yake mna alama za utambulisho za orodha za vifurushi, na ndani ya orodha hizo mna alama ya kila kifurushi. Faili likichezewa njiani, alama hazilingani na APT hulikataa. Ndiyo maana sipendi kumwona mwanafunzi akinakili kutoka tovuti asiyoijua amri inayopakua hati na kuiendesha papo hapo kwa sudo. Ni kumpa mpita njia funguo zote za nyumba. Duka la programu lenye picha, ambalo mifumo mingi ya Linux inalo, si dhambi kwa anayeanza. Ila halimzoeshi kusoma.

Zoezi ninalolipenda kuwapa wanaoanza ni hunspell-sw, kifurushi kidogo cha kukagua tahajia ya Kiswahili. Kikishasakinishwa, LibreOffice ikafungwa na kufunguliwa upya, na maandishi yakawekwa katika lugha ya Kiswahili, mistari myekundu iliyojaa chini ya kila sentensi huanza kupungua. Haitaisha yote. Ikibaki chini ya neno halali, mwambie mwanafunzi arudi kwenye apt show, atazame mstari wa mtunzaji, kisha afungue programu iitwayo reportbug na kuandika ni neno gani linakosekana.