"Ongeza Namba za Waya": Uhakiki wa Tafsiri ya Kijitabu cha Michoro ya Umeme

Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, imo karakana ambamo vijana hufundishwa umeme wa mitambo. Nimeletewa kijitabu cha Kiswahili kinachotumika humo. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza, nacho kinaeleza jinsi ya kuingiza moduli za kidhibiti chenye programu katika mchoro wa saketi uliokwisha kuwapo, na jinsi ya kuzitambulisha nyaya zake. Mfano wake mkuu ni mtambo wa kujaza mafuta ya alizeti katika chupa, jambo ambalo mkulima wa Babati hahitaji kuelezwa mara mbili. Jina la mfasiri halikuandikwa, nami sikulitafuta. Aliyethubutu kuifanya kazi hii anastahili shukrani kabla ya lawama.

Hata hivyo lawama zipo, na kubwa kuliko zote imo katika maneno manne yanayofungua sura ya tatu: "Ongeza namba za waya." Mfasiri alikusudia kusema kwamba kila waya uliochorwa uandikiwe namba ya kuutambulisha. Mwalimu wa karakana alinisimulia yaliyotokea. Kijana mmoja, ambaye alikwisha kufanya kazi ya kutandaza nyaya majumbani, alikwenda stoo akaleta waya mnene zaidi. Mwenzake, aliyejifunza kazi kwa fundi wa kusuka mota, alileta waya mwembamba zaidi. Kila mmoja alikuwa ametii agizo kama alivyolisoma.

Wala hawakukosea Kiswahili. Katika karakana zetu, namba inayofuata jina la kitu ni kipimo chake. Spana namba 13 ni spana ya nati ya milimita 13. Kiatu namba 8 ni kiatu cha mguu wa kadiri hiyo. Kwa fundi wa majumbani, waya namba 4 ni waya wenye milimita nne za mraba, na kuongeza namba ni kuongeza unene. Kwa msuka mota, anayefuata geji ya Kiingereza, mambo ni kinyume: waya namba 18 una kipenyo cha milimita 1.2 hivi, na namba 22 milimita 0.7 tu. Kwake yeye kuongeza namba ni kupunguza unene. Tena kitenzi chenyewe, "kuongeza", kina maana ya kutia kisichokuwapo na pia ya kuzidisha kilichopo. Utata mmoja ukapandana na mwingine, na agizo moja likazaa makosa mawili yanayopingana.

Inafaa tujiulize namba hiyo ya kwenye mchoro ni kitu gani hasa. Haipimi chochote. Nyaya zote zinazokutana pasipo kifaa chochote kati yao hupewa namba moja, hata zikiwa katika kurasa tofauti za mchoro au pembe mbili za kabati. Waya ukiisha kupita kwenye swichi, fyuzi au koili, namba hubadilika. Fundi anayetafuta hitilafu usiku huisoma kwenye kikoba kidogo cha plastiki mwishoni mwa waya, kisha huisaka katika mchoro. Tena mara nyingi si namba tupu: huwa L1, au N, au herufi na tarakimu pamoja.

Napendekeza basi iitwe "alama ya waya", na agizo liwe "Tia alama kwenye kila waya". Katika mkoa wa wafugaji neno hili halitamshinda mtu. Ng'ombe wa boma moja hujulikana kwa alama yao popote wanapochungwa, wawe karibu au mbali. Ndivyo zilivyo nyaya zenye alama moja. Nilifikiri pia juu ya "chapa", lakini neno hilo limekwisha kutwaliwa na biashara: ukisema chapa ya waya, mwenye duka atakutajia kiwanda kilichoutengeneza. Najua msomaji atanipinga kwamba "alama" hutumika tayari kwa vijipicha vya swichi na koili vilivyomo katika michoro. Pingamizi hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba vijipicha hivyo viitwe "ishara", kwa kuwa huashiria kitu kisichokuwapo pale penye karatasi, ilhali alama imo katika mchoro na imo katika waya wenyewe.

Kosa la pili ni la bidii iliyopita kiasi. Mfasiri ametafsiri hata herufi za anwani. Mahali palipoandikwa X0 yeye ameandika "Ing. 0", na penye Y0 ameandika "Tok. 0". Maneno "ingizo" na "tokeo" yanafaa katika maelezo (ingawa "matokeo" kwa wingi huwakumbusha vijana mtihani wa taifa kuliko umeme). Katika mchoro hayafai, kwa sababu fundi akiinua macho kutoka kwenye karatasi huiona moduli iliyopigwa chapa X na Y, wala haoni "Ing." mahali popote. Wajerumani huandika E na A kwa kufuata maneno ya lugha yao, Siemens hutumia pia I na Q kwa wateja wengine, na Mitsubishi hutumia X na Y. Herufi hizo ni mali ya kifaa. Mfasiri hana mamlaka juu yake, kama vile asivyo na mamlaka ya kutafsiri namba ya gari.

Hatari zaidi ni jedwali la ukurasa unaofuata. Katika vidhibiti vya Mitsubishi vya aina ya FX, anwani huhesabiwa kwa nane: baada ya X7 huja X10. Mfasiri, akidhani mpiga chapa ameruka, ameingiza X8 na X9. Anwani hizo hazipo duniani. Kijana ataitafuta terminali ya kihisi cha chupa mpaka jua lizame nyuma ya kilima.

Na hiyo terminali imeitwa "kituo". Sina la kusema zaidi, ila kwamba stendi ya Babati inatosha.

Nikija kwenye jina la kifaa chenyewe, kijitabu kinasema "kidhibiti programu". Kwa sarufi yetu, nomino inayofuata nomino ya kitenzi cha namna hii ndiyo hutendwa: kizimamoto huzima moto, na kifunguamlango hufungua mlango. Kidhibiti programu kitakuwa kinaidhibiti programu, nayo ndiyo inayokiongoza! "Kidhibiti chenye programu" ni maneno matatu badala ya mawili, lakini yanasema kweli. "Kipande", kwa maana ya moduli, nacho kiachwe. Kipande hukatwa au huvunjika kutoka kwenye kitu; moduli huchomekwa ikiwa nzima na kuchomolewa ikiwa nzima. Tumepokea swichi, fyuzi na saketi bila kuona haya, na moduli ni ya ukoo huo huo.

Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi hututaka tutafute neno kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho ng'ambo. Siupingi. Ila ningependa karakana itajwe waziwazi kuwa sehemu ya "Kiswahili chenyewe", maana kamati iliyoketi na kamusi peke yake isingegundua kwamba "namba" imekwisha kuwa na mwenyewe. Waliobuni kifaa hiki walilitambua jambo hilo. Mwaka 1968 idara moja ya General Motors, huko Marekani, ilitaka kitu cha kuondoa makabati ya rilei. Mwaka 1969 kikapatikana kidhibiti cha Modicon kilichoitwa 084, kilichotokana na kazi ya Dick Morley na wenzake. Programu yake iliandikwa kwa umbo la mchoro wa ngazi wa saketi za rilei, kwa kuwa ndio mafundi walioujua.

Na hapo kwenye ngazi ndipo mfasiri wetu alipofanya vizuri kuliko wote niliowasoma. Kila mstari wa mchoro huo, unaokwenda kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia, ameuita "kipago". Ni neno la kale la mti wa ngazi unaokanyagwa, ambalo wengi wetu tulikuwa tumelisahau. Alama za nyaya za mchoro wa namna hii huweza kutolewa kwenye kipago: waya wa kwanza wa kipago cha 104 huwa 1041, wa pili 1042. Mwalimu aliniambia kwamba neno hilo halikuulizwa hata na mwanafunzi mmoja. Siku ya pili walikuwa wakiitana kutoka upande mmoja wa kabati hadi mwingine: "Kipago cha 104, waya wa pili, umelegea!"