Volkano: "Bwete" au "Iliyolala"?

Neno "bwete", walitumialo baadhi ya wafasiri kwa volkano iliyotulia, haturidhiki nalo. Akaaye bwete hana alifanyalo. Mlima Paektu, mpakani mwa Korea Kaskazini na China, ulilipuka vikali mwaka 946. Kati ya 2002 na 2005 matetemeko yalizidi na ardhi ikafura. Mwaka 2013 wataalamu wa Korea Kaskazini na Uingereza, baada ya taabu ya vibali na vikwazo, walitega huko vipimio sita vya matetemeko. Nani angejisumbua hivyo kwa kitu kilichokaa bwete? Mwanakijiji asomaye neno hilo katika ilani ya hatari atarudi kulala yeye. Twapendekeza "iliyolala": alalaye hupumua, na huamka. "Zimwe" libakie kwa ile isiyotarajiwa kuwaka tena.